Kununua rivolva mpya na kuijaribu uwanjani: mwongozo kamili kwa mwenye leseni wa Mombasa

Rivolva yangu ya kwanza niliilipia ndani ya dakika kumi. Nilikuwa nimengojea leseni kwa miezi mingi, na mtu aliyengojea sana haoni vizuri. Muuzaji akafungua boksi, chuma kikang'aa, nikaipima mkononi, nikatia sahihi. Wiki iliyofuata tuko uwanjani, risasi ya tatu, rafiki yangu aliyesimama kuliani kwangu akashika shavu ghafla. Kijipande cha risasi, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, kilikuwa kimemkwaruza chini kidogo ya miwani. Bila ile miwani tungekuwa tunazungumza habari ya jicho. Silinda ya bunduki ile, yaani ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi, haikuwa ikisimama sawasawa na mtutu, na kasoro hiyo ningeiona pale pale kaunta kama ningekaa nayo robo saa zaidi.

Tangu siku ile nimewasindikiza wenzangu kadhaa kununua, na ninachowaambia ni kimoja. Ununuzi wa rivolva haujakamilika unapopokea risiti. Umekamilika ukishaikagua kwa mikono yako, ukaifyatua risasi hamsini uwanjani, ukaisafisha nyumbani siku hiyo hiyo. Katika hatua hizo tatu ndimo unamojua kama umeuziwa chombo au umeuziwa matatizo.

Karatasi kabla ya chuma

Kenya bunduki inatawaliwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na anayeamua nani amiliki ni Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Kumiliki ni ruhusa unayopewa, na inaweza kuondolewa. Kwa hiyo usianze na duka. Anza na cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, ambacho unakiomba kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Baada ya hapo jitayarishe kuhojiwa kwa nini unaihitaji, kuchunguzwa afya ya akili, na kuonyesha kwamba unajua kuitumia bila kumdhuru mtu. Sema kweli katika kila swali. Nimeona watu wakijaribu kupamba sababu zao, na maswali ya wanaohoji yanawafikia tu.

Cheti chako cha bunduki kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Isome idadi hiyo na uikumbuke, kwa sababu mtu akizoea uwanja hununua maboksi mawili matatu kwa pamoja na kujikuta amevuka mpaka bila kukusudia. Cheti pia kina tarehe ya mwisho. Iandike kwenye simu na ujikumbushe mwezi mmoja kabla.

Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya kuuza silaha, basi. Duka ambalo halikuulizi cheti mara tu unapotaja bunduki, toka. Na akikutokea mtu, awe rafiki, awe jamaa, akasema ana rivolva safi ya bei ya chini na karatasi "zitafuata", mkatae hapo hapo. Adhabu ya kukutwa na silaha bila cheti ni miaka gerezani, na hujui bunduki hiyo imepita mikono ya nani wala imefanya nini.

Uchague ipi

Mtu wa kwanza kusajili hati miliki ya rivolva iliyofaulu kibiashara ni Samuel Colt, Marekani, mwaka 1836, na tangu hapo wazo lenyewe halijabadilika sana: silinda yenye matundu matano au sita inazunguka, kila tundu likifika nyuma ya mtutu nyundo inagonga fataki, kile kidude kidogo cha kulipukia kilicho kitakoni mwa risasi. Uzuri wake ni kwamba hakuna magazini ya kukwama wala chemchemi yake ya kuchoka. Ubaya wake ni kwamba kifyatuo chake ni kizito na kirefu, na unabeba risasi chache.

Risasi utakazokutana nazo zaidi kwenye rivolva za kisasa ni .38 Special na .357 Magnum. Hapa pana jambo ambalo lazima ulielewe kabla ya kulipa. Rivolva ya .357 inapiga risasi za .38 Special bila tatizo, kwa sababu kipenyo ni kimoja; ganda la magnum limerefushwa tu, karibu milimita 3 zaidi. Kinyume chake hakiruhusiwi kabisa. Magnum ina mgandamizo wa takriban maradufu, na ule urefu uliongezwa makusudi ili isiingie kwenye silinda ya .38. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, usisikilize ya mdomo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: rivolva ya .357, mtutu wa inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, fremu ya chuma kitupu, na uilishe .38 Special. Uzito wa karibu kilo moja ndio unaomeza msukumo. Ruger GP100 ya inchi 4 ina zaidi kidogo ya kilo moja, na ukiipiga kwa .38 inatulia mkononi. Watu wengi hukimbilia ile ndogo ya inchi 2, fremu ya aluminiamu, gramu 400 na ushei, kwa kuwa inafichika. Inafichika kweli, lakini inauma kiganja, vilengeo vyake ni vidogo, na mwenyewe baada ya risasi ishirini hataki tena kufanya mazoezi. Bunduki usiyoifanyia mazoezi ni hatari kwako na kwa walio karibu nawe.

Na kwa sisi wa pwani naongeza hili: ukipata ya chuma kisichoshika kutu, ichukue, hata kama ile nyeusi inapendeza zaidi. Nyeusi ile ni rangi nyembamba mno juu ya chuma cha kawaida, na hewa ya huku ina chumvi mwaka mzima. Mpini wa mpira nao ni bora kuliko wa mbao laini, kwa sababu mikono yetu inatoka jasho kuanzia saa tatu asubuhi.

Kabla hujaamua, uliza bei ya risasi na kama zinapatikana kila mara. Bunduki inanunuliwa mara moja, risasi kila mwezi.

Robo saa pale kaunta

Omba ruhusa ya kukagua. Muuzaji anayejua kazi yake ataitandika kitambaa mezani na kukuachia. Ukipewa, mtutu uelekee mahali salama, si kwa muuzaji wala kwa mteja aliye nyuma yako, kidole nje ya kifyatuo, kisha fungua silinda. Kwenye Smith & Wesson unasukuma kitufe mbele, kwenye Colt unakivuta nyuma, kwenye Ruger unakibonyeza ndani. Tazama matundu yote, kisha yapapase kwa ncha ya kidole, moja moja, ukihesabu. Fanya hivyo hata kama umemwona mwenyewe akikagua sekunde tano zilizopita.

Jambo la kwanza ni namba. Soma namba iliyochongwa kwenye fremu tarakimu kwa tarakimu, wewe ukisoma chuma na muuzaji akisoma karatasi. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kusajiliwa, ni wewe utakayesumbuka kwenda na kurudi ofisini.

Silinda ikiwa wazi, weka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu kirudishe mwanga, uchungulie kwa mbele. Utaona mifereji ikizunguka kama skrubu. Inatakiwa iwe safi, kingo zake kali, bila madoa wala mikwaruzo ya mkingamo. Zungusha silinda polepole ikiwa wazi na utazame ncha ya kile kijiti cha kutolea maganda. Ikiwa ncha inatulia mahali pamoja, kijiti kimenyooka. Ikiwa inayumba kama baiskeli yenye ringi iliyopinda, kimepinda, na silinda itakuwa ngumu kuzunguka ikishapata moto.

Sasa ifunge kwa mkono wa pili, taratibu. Usiitupe kwa kuzungusha kiwiko kama wafanyavyo kwenye sinema. Ule mkono wa chuma unaoshika silinda ni mwembamba, na kila inapotupwa unapinda kidogo. Ukimwona muuzaji mwenyewe akiitupa hivyo, omba nyingine iliyo kwenye boksi.

Kinachofuata ndicho nilichokiruka mimi. Koki nyundo, yaani ivute nyuma mpaka ishike, kwa kidole gumba, polepole sana, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa silinda kama breki nyepesi. Sikiliza. Kuna mlio mdogo wa kufunga, *tik*, pale kijino cha chini kinapoingia kwenye kijishimo chake ubavuni mwa silinda. Mlio huo lazima uje kabla nyundo haijafika mwisho, au kwa uchache ifikapo. Ikiwa nyundo imeshakaa na silinda bado haijafunga, ukiisukuma kidogo ndipo ifunge, hapo pana kasoro. Tundu halijalingana na mtutu, na risasi itakwaruzwa ukingoni ikipita. Vile vipande vya risasi hurushwa pembeni. Rudia kwa matundu yote sita. Kwenye ile yangu matano yalikuwa sawa na moja ndilo lililochelewa, kwa hiyo usiridhike na mawili.

Halafu jaribu kufunga kwake wakati wa kufyatua. Shika nyundo kwa gumba ishuke taratibu huku kifyatuo kimevutwa, na ukiwa bado umekivuta, jaribu kutikisa silinda kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni wa kawaida, mkubwa unaousikia mkononi si wa kawaida. Isukume pia mbele na nyuma. Bunduki mpya isicheze kwa kuonekana.

Kati ya silinda na mtutu pana upenyo. Uinue kwenye mwanga uutazame kwa ubavu: uwe mwembamba na sawa juu hadi chini. Mimi hubeba fila geji, vile vibati vyembamba vya mafundi wa magari vya kupimia upenyo, kwa kuwa jicho hudanganya. Milimita 0.10 hadi 0.20 ni pazuri. Ikibana kabisa, silinda itakwama ikipata moto na masizi. Ikizidi sana, gesi nyingi inapotea na kutemwa pembeni.

La mwisho ni la usalama. Koki nyundo, ondoa kidole kwenye kifyatuo, kisha isukume nyundo mbele kwa gumba, kwa nguvu ya kadiri. Isianguke. Ikianguka, irudishe kaunta na usiiguse tena. Ukiruhusiwa kutumia risasi za bandia, vuta kifyatuo bila kukoki mara kadhaa. Kitakuwa kizito, pengine kilo 5 hivi, na hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni uzito unaokwenda sawa, usioruka wala kukwaruza katikati ya njia.

Ukishaiona nzuri, lipa, hakikisha maelezo yote yameandikwa mahali panapostahili kwenye cheti na risiti, uondoke nayo ikiwa tupu ndani ya boksi. Nenda nayo nyumbani moja kwa moja. Usipite kwa rafiki kumwonyesha.

Kabla ya siku ya uwanja

Nyumbani iwepo kasha la chuma lililokazwa ukutani au sakafuni, na liwepo kabla bunduki haijaja. Ufunguo au namba ni yako peke yako. Watoto wa nyumba za kwetu hawajui mlango uliofungwa; anaingia mpwa, anaingia mtoto wa jirani kuazima chumvi. Usitegemee kuificha juu ya kabati.

Rivolva mpya huja na mafuta mengi ya kiwandani, yaliyowekwa kuilinda safarini wala si kuipigia. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu na kila tundu mpaka kitoke safi, kisha upake mafuta mepesi kidogo tu. Usiyaache mafuta ndani ya matundu. Tundu lenye mafuta hulifanya ganda lisiukamate ukuta wake linapopanuka, na nguvu zaidi inarudi nyuma kwenye fremu.

Piga simu uwanjani mapema. Klabu nyingi zina siku zake na masharti yake kwa wageni, na huenda ukahitaji mwanachama akudhamini. Uliza pia wanaruhusu risasi za aina gani. Chagua asubuhi. Wakati wa kaskazi, ikifika saa tano jua limekaza, jasho linaingia machoni, na unaanza kuilaumu bunduki kwa makosa ya uchovu.

Beba cheti chako halisi, kitambulisho, bunduki tupu kwenye boksi lake, na risasi katika chombo kingine. Beba miwani ya usalama na vizuia kelele vya masikio, vya kuziba ndani na vya kufunika nje kwa pamoja kama uwanja una paa, kwa sababu sauti ya rivolva chini ya paa inapiga kama kofi. Shati liwe la ukosi unaofungika. Maganda ya moto ya bastola ya jirani yako hupenda kuingilia shingoni. Ongeza taulo dogo la jasho, maji, kalamu ya wino mzito, mswaki mkuukuu, na boksi moja la risasi hamsini za .38 Special. Magnum waachie siku nyingine.

Uwanjani

Kila uwanja una msimamizi, na neno lake ni la mwisho. Uwanjani kwetu ni mzee aliyestaafu, tunamwita Mzee na yeye hutuita wanangu, hata wenye mvi. Ukifika, msalimie, mwambie wazi, "Mzee, bunduki ni mpya, leo naijaribu." Atakupanga ukingoni, naye atakukalia karibu. Amri nyingi hutolewa kwa Kiingereza, basi muulize mapema ipi ina maana gani. Neno la kusimamisha likisikika, kutoka kwa yeyote, unaacha mara moja, kidole nje, mtutu kwenye tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha.

Kanuni unazijua lakini nitazitaja: ihesabu kila bunduki kuwa imejaa, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje mpaka vilengeo viko juu ya shabaha, jua kilicho nyuma ya shabaha yako. Kwa rivolva ongeza moja: hakuna kidole kinachopita mbele ya silinda. Kwenye ule upenyo tulioupima hutoka gesi kali kila unapofyatua, na inachana ngozi. Waliozoea bastola za magazini hunyoosha gumba mbele ubavuni. Likunje gumba, lilale juu ya gumba la pili, nyuma kabisa ya silinda.

Weka shabaha mita 7. Tia risasi moja tu. Ndiyo, moja kati ya matundu sita, na ufunge silinda ukiwa umeipanga ili ndiyo itakayofuata. Smith & Wesson na Ruger silinda yao huzunguka kwenda kushoto ukiitazama kutoka nyuma, Colt huenda kulia. Koki nyundo, lenga, fyatua. Sababu ya moja ni kwamba hujui bado itakurudi vipi. Ikikutoka mkononi au ukiruka, hakuna ya pili inayongoja. Ikienda vyema, tia mbili, kisha jaza.

Kabla hujajaza, alama matundu kwa kalamu ya wino, moja hadi sita. Risasi kumi na mbili za mwanzo zipige kwa kukoki, polepole, maana hizi ni za kuipima bunduki. Tundu namba 4 likigoma mara mbili na mengine yanafanya kazi, umeshajua pa kutazama. Ukihisi chembe usoni au mkononi, au jirani akilalamika, simama. Ukimaliza, tazama maganda. Alama ya pini, ile ncha ya chuma inayogonga fataki, inatakiwa iwe katikati ya fataki au karibu nayo. Ikiwa ukingoni, na kwenye tundu lile lile kila mara, ni ile hitilafu ya kulingana. Maganda yasiyotaka kutoka kwenye tundu moja yanaonyesha tundu chafu au baya. Yahifadhi maganda hayo kwenye mfuko ulioandikwa namba.

Unapotoa maganda, inua mtutu juu kwanza, kisha kipige kijiti kwa kiganja, mara moja na kwa nguvu, yaanguke yenyewe. Ukisukuma kwa uoga na mtutu umelala, ganda moja litaingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda na kuziba kazi. Na hapa niseme neno juu ya "kasoro" inayowatisha wengi. Baada ya risasi thelathini hivi silinda inakuwa ngumu kufunga, kifyatuo kinakuwa kizito, na mtu anaapa ameuziwa mbovu. Mara nyingi ni punje mbili tatu za baruti isiyoungua zilizokaa chini ya nyota. Ndiyo kazi ya ule mswaki. Sukuma kijiti, nyota ikiinuka piga mswaki chini yake, pigapiga na pale inapokalia, funga. Imelainika.

Risasi ikigoma, ukasikia nyundo imegonga tu, usifungue silinda. Shika mtutu kwenye shabaha na uhesabu sekunde 30. Fataki iliyochelewa ikilipuka silinda iko wazi, ganda linapasukia mkononi mwako. Na risasi ikitoa mlio hafifu, *puf* badala ya mshindo, simama kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake unapasua bunduki. Mwite msimamizi, toeni risasi zote, mpitishe ufito mtazame.

Bunduki ikishafaulu, geukia mwenyewe. Vuta sasa bila kukoki, kifyatuo kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mwendo mmoja, macho kwenye kilengeo cha mbele. Mwanzoni alama za risasi kwenye shabaha zitatawanyika, usishangae. Kisha fanya zoezi ambalo rivolva inalifaa kuliko bunduki yoyote. Mpe mwenzako aijaze: risasi tatu na maganda matupu matatu, azichanganye, aizungushe, afunge bila wewe kuona. Nilimfanyia hivi dada mmoja mwenye duka Kongowea, aliyekuwa akipiga chini kushoto kila mara na kuamini vilengeo vimepinda. Mshindo wa kwanza, sawa. Wa pili nyundo ikagonga ganda tupu, na sote tukauona mtutu ukizama inchi nzima, wenyewe, bila risasi yoyote. Akaniangalia. "Kaka, mimi ndiye ninayeisukuma?" Akarudia kama mara kumi, mpaka ganda tupu likija mtutu unabaki umetulia kama sahani juu ya meza. Risasi kumi na mbili zilizofuata ziliingia kwenye nafasi ya kiganja. Vilengeo havikuguswa.

Mkono wa kulia ukipiga chini kushoto, mara nyingi ni kidole na kutarajia mshindo. Lakini zikikusanyika pamoja vizuri juu au chini ya shabaha, fikiria risasi. Kwenye rivolva yenye vilengeo visivyorekebishika, risasi nzito hupiga juu zaidi kuliko nyepesi, kwa kuwa ni ya polepole na mtutu unapata muda wa kuinuka kabla haijatoka. Vilengeo vya .38 nyingi vimepangwa kwa risasi ya gramu 10 hivi. Jaribu uzito mwingine kabla hujampeleka fundi.

Zikibaki kumi, sogeza shabaha mita 15, kaa, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, upige mafungu mawili ya risasi tano kwa kukoki. Karatasi hiyo usiitupe. Iandike tarehe na aina ya risasi. Ndiyo kipimo cha bunduki yako ikiwa mpya.

Jioni ile ile

Kabla ya kula chochote, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi. Moshi wa fataki na vichwa vya risasi una madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Nguo za uwanja zisifuliwe pamoja na za watoto.

Kisha isafishe, na usiseme kesho. Brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia mtutu, kutoka nyuma kwenda mbele inapowezekana, halafu vitambaa mpaka vitoke vyeupe. Kama umepiga .38 ndani ya silinda ya .357, sugua zaidi mbele ya kila tundu: pale ganda fupi linapoishia hujengeka pete ngumu ya masizi, na ukiiacha, siku utakayotia magnum haitaingia vizuri. Safisha chini ya nyota na uiache kavu, kwa sababu mafuta hapo hukamata baruti. Uso wa nje ufute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ukianzia mahali ulipogusa. Alama ya kidole chenye jasho huku kwetu inaweza kuwa kutu ya rangi ya chungwa kabla ya wiki kuisha. Niliwahi kuiona kwenye fremu nyeusi, mistari ya kidole ikisomeka moja moja.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Iweke kwenye kasha na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na kama unaishi karibu na maji, Nyali, Shanzu au Likoni, ikague kila wiki na ukaushe au ubadilishe vifuko hivyo hasa wakati wa masika.

Ukiwa umegundua kasoro, usiifungue mwenyewe wala kumpa fundi wa mtaani. Irudishe dukani tupu, na cheti, na karatasi ya shabaha, na ule mfuko wa maganda yenye namba. Muuzaji anayeambiwa "haipigi vizuri" ana nafasi ya kubishana. Anayewekewa mezani maganda sita ya tundu namba 4, yote yamegongwa ukingoni, hana. Ndivyo ile yangu ilivyobadilishwa hatimaye, baada ya safari mbili za bure.

Ikiwa haina kasoro, fungua daftari dogo: tarehe, risasi ngapi, aina gani, kilichogoma. Ukifika risasi 200, ichukue tena ile fila geji upime upenyo, uuandike kando ya ule ulioupima siku ya kaunta.